Usiku Mmoja Goma: Kuunga Bato na Ndege kutoka Bukavu mpaka Kinshasa

Safari ya juma hili ni ya majini na ya angani. Mwaka 2023 wengi mlituuliza jinsi ya kuunga bato ya Ziwa Kivu na ndege ya Goma, wakati mama alipotakiwa Kinshasa kwa mkutano, kwa matibabu ya mtoto au kwa harusi ya ndugu. Tunawaeleza njia yenyewe tulivyoiona wakati ule, na jinsi tulivyoipanga ili watu wafike na pesa isipotee.

Ziwa liko katikati

Kutoka Bukavu mpaka Kinshasa ni karibu kilometa 1,500 kwa njia ya ndege. Hakuna barabara ya kumfikisha mama huko akiwa na mzigo na nguvu zake, kwa hiyo anayekwenda hupanda ndege. Uwanja wetu uko Kavumu, kilometa 30 hivi kutoka mjini, lakini mwaka 2023 ndege zake hazikuwa nyingi. Siku uliyotaka, nafasi zilikuwa zimejaa au bei ilikuwa imepanda. Hapo ndipo watu walitazama Goma, na kati yetu na Goma kuna ziwa. Barabara ya Kalehe, Minova na Sake ipo, kama kilometa 200, lakini mvua ikinyesha inakuwa matope, na mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuhesabu atafika saa ngapi. Basi tulipita majini.

Mwezi wa nane wa mwaka wa 2023, katika likizo kubwa, tulikuwa mama sita tuliotumwa na vikundi vya likelemba vya kartiye zetu kwenye mkutano Kinshasa. Pesa ya safari haikuwa yetu. Ilitoka kwenye masanduku ya vikundi: kwa wauza sambaza, wauza makala, washonaji na walimu, kila mmoja akiweka kidogo kila juma. Kama ndege ingetuacha Goma, tungekuwa tumepoteza jasho la watu ambao hawakuwepo kujitetea. Ndiyo maana tulikaa siku mbili nzima kupanga safari kabla ya kununua hata tiketi moja.

Tiketi mbili, wenye mali wawili

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: mwenye bato na mwenye ndege hawajuani. Bato ikichelewa, mwenye ndege hana habari, na akipata habari haimhusu. Alikuuzia kiti cha saa fulani. Saa ikipita, kiti kimekwenda. Mwenye bato naye alikuuzia safari ya kufika Goma, hakukuahidi ndege. Ukisimama katikati yao na tiketi mbili mkononi, hasara ni yako peke yako.

Si kwetu tu. Kuna meli kubwa za matembezi zinazotia nanga Mombasa na Zanzibar, na wasafiri wake wengi hutoka Ulaya na Marekani kwa ndege ili kuikuta meli bandarini. Wao pia huambiwa wafike mji wa bandari siku moja kabla, kwa sababu meli haimngoji mtu. Ila wao wana njia ambayo sisi hatuna: kampuni ya meli inaweza kuwauzia ndege na meli pamoja. Hapo ndege ikichelewa, kampuni inajua msafiri wake yuko wapi, na inamsaidia kuikuta meli hata kwenye bandari inayofuata. Aliyenunua ndege peke yake kwa bei nafuu hujitafutia mwenyewe. Kwenye ziwa letu sote tulikuwa wa namna hiyo ya pili. Hakuna ajansi iliyotufunga kamba kati ya bato na ndege. Kamba hiyo tuliifunga wenyewe, na jina lake lilikuwa usiku mmoja wa kulala katikati.

Mkutanoni kwetu neno hilo lilileta ubishi. Mama mmoja alisema: "Bato ya usiku inafika Goma saa kumi na mbili ya asubuhi. Ndege inaondoka saa nne. Kwa nini tulipe vitanda sita vya bure?" Alikuwa na haki ya kuuliza, maana pesa ilikuwa yake pia. Mama mtunza sanduku alimjibu pole pole kwamba saa kumi na mbili ni saa ya bato isiyopata shida, na sanduku halisafiri kwa kubahatisha. Akaandika kwenye daftari mistari miwili: usiku wa kwenda na usiku wa kurudi. Pesa ya kila mstari akaitia katika bahasha yake, akaishona ndani ya kikwembe. Tulipiga kura, mistari ikapita.

Usiku juu ya maji

Kutoka Bukavu kuna njia mbili za majini. Kanoti ya mbio, ile tunayoita rapidi, inatembea mchana na inafika Goma kwa saa tatu hivi. Bato kubwa inasafiri usiku, bei yake ni ndogo na inachukua mizigo mingi. Tulichagua bato kubwa kwa kwenda, kwa sababu ya bei.

Ilitakiwa kuondoka saa moja ya jioni. Saa moja ikafika, magunia yakawa bado yanapanda. Saa mbili, yakawa bado. Tuliondoka saa nne ya usiku. Taa za Bukavu zilibaki nyuma, zimetawanyika kwenye vilima kama makala yanayozimika, na baridi ikaanza. Ziwa Kivu liko juu, karibu meta 1,460 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake si wa mchezo. Chukueni blanketi, hata kama mchana mlitoka jasho.

Ni ziwa zuri, na ni zito. Kina chake kinapita meta 480, na chini kabisa maji yameshika gesi nyingi. Katikati kimekaa kisiwa cha Idjwi, kikubwa hata mtu akipita kando yake usiku anadhani ni nchi kavu upande mmoja mzima. Wavuvi wa sambaza walikuwa kazini, mitumbwi mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zao chini karibu na maji, na sauti za kuimba zikitufikia kabla hatujawaona. Mmoja wetu, ambaye ameuza sambaza miaka kumi kule Kadutu, alisema hajawahi kuwaona watu hao wakiwa kazini. Alikaa nje mpaka taa ya mwisho ilipopotea.

Alfajiri upepo ukaja kinyume. Bato ikapunguza mwendo. Jua likatoka, saa kumi na mbili ikapita, saa moja ikapita. Tuliona Nyiragongo mbele, kofia ya mawingu juu yake, lakini mji haukukaribia.

Hapo mbele kulikuwa na mama mwingine, si wa kundi letu, na mtoto wa miaka sita aliyefungwa kitambaa jichoni. Alikuwa na nafasi kwa daktari wa macho Kinshasa. Ndege yake ilikuwa siku hiyo hiyo, saa tatu ya asubuhi. Alisimama ameshika chuma cha bato kwa mikono miwili, akitazama Goma bila kusema kitu. Saa tatu ilimkuta bado majini. Dakika chache baadaye tuliona ndege inapanda juu ya mji. Hakuna aliyejua kama ni yake, lakini yeye alikaa chini.

Tuliteremka saa nne. Tulikwenda naye kwenye ajansi. Walimwambia tiketi haijafa, ila lazima alipe adhabu na tofauti ya bei ya siku hiyo, na nafasi iliyo karibu ilikuwa baada ya siku tatu. Alipiga simu kwa shemeji, kwa mjomba, kwa kaka. Tulimpeleka kwenye nyumba ya wageni tuliyokuwa tumepanga, akalala chumba kimoja na wawili wetu. Jioni ile hakuna aliyeuliza tena habari ya vitanda vya bure.

Kesho yake asubuhi tulikwenda uwanjani kwa motari, tumelala vizuri, tumekula.

Uwanja kando ya mlima wa moto

Uwanja wa Goma uko mjini, karibu na nyumba za watu, na hilo lilikuwa zuri kwa aliyetoka bandarini. Lakini uko pia chini ya Nyiragongo. Januari 2002 lava ilishuka, ikapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoka tena, uwanja ukafungwa kwa siku kadhaa, na maelfu ya watu wakakimbia, wengine kwa bato mpaka kwetu Bukavu. Tuliwapokea, mnakumbuka. Kwa hiyo anayepanga kupitia Goma aulize habari za mji juma lile lile, si mwezi uliopita.

Pale uwanjani tuliona mambo matatu yanayowaangusha mama.

La kwanza ni jina. Sisi huku tunaitana kwa majina ya watoto wetu, na wengine tumeshazoea jina la bwana. Kwenye tiketi majina hayo hayana kazi. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi ya mchaguzi au paspoti, herufi kwa herufi. Soma tiketi yako palepale dirishani kabla ya kulipa.

La pili ni mzigo. Bato inachukua gunia, ndoo na jiko. Ndege inahesabu kilo, na kila kilo ya ziada inalipwa. Mzigo ambao bato iliupokea bila neno unaweza kukugharimu uwanjani kuliko bei yake sokoni. Tulipima mifuko yetu kwa mizani ya muuza maharagwe kabla ya kutoka Bukavu. Fromaji za Masisi na sambaza kavu za kuwapelekea ndugu tulizifunga vizuri na kuzihesabu ndani ya kilo. Kisu, makasi na mafuta ya mawese visikae kwenye mfuko wa mkononi.

La tatu ni makaratasi ya mtoto na ya mama mjamzito. Mtoto mchanga anayekaa mapajani naye ana tiketi yake, na anatakiwa karatasi ya kuzaliwa. Mtoto anayesafiri bila wazazi anatakiwa ruhusa iliyoandikwa. Mama mwenye mimba kubwa aulize mapema, kwa sababu ndege nyingi zinataka barua ya daktari. Tena mwaka 2023 tuliweka kando pesa ya Go-Pass, maana haikulipwa mara moja: kulikuwa na ya kwenda na ya kurudi.

Na saa. Tiketi huandika 10:00, sisi tunasema saa nne. Andikeni zote mbili kwenye karatasi moja ili mtu asije saa kumi. Kumbukeni pia kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Tiketi inaandika saa ya mji ambao ndege inaondoka na saa ya mji inapofika. Kama ndege ilitoka Kinshasa 09:00, kwetu ilikuwa 10:00 tayari, na hiyo saa moja ndiyo iliyokula nafasi yako ya kupata rapidi ya mchana.

Kurudi ni nusu ya safari

Mkutano ulikwisha vizuri, na ripoti yake mtaisoma peke yake. Hapa tunataka kusema habari ya kurudi, maana watu wanapanga kwenda kwa akili zote, kisha kurudi wanamwachia Mungu.

Ndege yetu ya kurudi iliandikwa 09:00. Tuliamka gizani, kwa sababu kutoka mjini mpaka Ndjili ni mbali na bulvari inajaa magari. Tukakaa uwanjani. Ndege iliondoka saa saba na nusu ya mchana bila mtu kutueleza sababu. Tulipogusa ardhi Goma, saa za huku zilikuwa kumi na moja ya jioni. Tulipopata mizigo yote na kufika kando ya ziwa, jua lilikuwa linazama. Rapidi ya mwisho ilikuwa imekwenda, na siku hiyo bato kubwa haikuwepo.

Kulikuwa na mashua ya mbao yenye mota, imejaa viazi na watu. Kijana alituita: "Mama, kuna nafasi! Saa nane za usiku mko Bukavu!" Tuliuliza jile za kuokoa maisha. Akaonyesha moja, ya kwake. Tuliuliza nani anaandika majina ya wasafiri. Akacheka.

Katikati yetu alikuwepo mama aliyeacha mtoto wa miezi tisa kwa bibi yake. Tangu siku nne alikuwa akikamua maziwa na kuyamwaga, kifua kimejaa, blauzi imelowa. Alituambia: "Nyinyi laleni. Mimi naenda." Tulibishana naye pale ufukoni, na haukuwa ubishi wa dakika tano. Alituuliza kama sisi tungeweza kulala, mtoto akilia ng'ambo ya maji. Hatukuwa na jibu zuri kwa swali hilo.

Tulikuwa na mambo mawili tu ya kumwambia. La kwanza ni Aprili 2019. Bato ilizama upande wa Kalehe, na watu wapatao 150 walitangazwa kuwa hawajulikani walipo. Rais Félix Tshisekedi alikuja mpaka Kalehe na kusema kila msafiri wa ziwa avae jile. Baadhi ya familia za kwetu bado zinajua tarehe hiyo bila kuangalia kalenda. Tena, pale ambapo majina hayakuandikwa, hata kuhesabu waliopotea hakuwezekani, na mama anabaki kungoja mtu ambaye hakuna karatasi inayosema alisafiri.

La pili lilikuwa bahasha. Mama mtunza sanduku alikata uzi wa kikwembe, akatoa bahasha iliyoandikwa "usiku wa kurudi". Hakusema hotuba. Alisema tu: "Pesa hii ilipigiwa kura. Hakuna atakayekudai." Kama bahasha ile isingekuwepo, tunaamini angepanda, na pengine wawili watatu kati yetu wangepanda naye ili asiende peke yake. Mtu mwenye mfuko mtupu hachagui bato.

Alilia, kisha akakubali. Usiku tulimpigia bibi simu, akaweka simu sikioni mwa mtoto. Kesho asubuhi tulipanda rapidi ya kwanza, kila mmoja na jile yake imefungwa, majina sita yameandikwa kwenye orodha. Kabla ya saa sita ya mchana mtoto alikuwa kifuani mwa mama yake.

Tunawaambia ukweli wote: ile mashua ya viazi ilifika Bukavu salama. Tulisikia habari bandarini. Yule mama alisema, "Mnaona? Ningelala nyumbani." Ni kweli, angelala nyumbani. Mashua nyingi zinafika, na ndiyo sababu watu wanaendelea kuzipanda. Sisi bado tunasema hatungempandisha.

Kwa kikundi kitakachotuma watu

Wekeni usiku mmoja kati ya bato na ndege, kwenda na kurudi, na muupigie kura pamoja na tiketi, si baadaye. Pesa ya usiku wa kurudi ikae mbali na pesa ya vikwembe vya kununua Kinshasa. Ulizeni ajansi adhabu ya kubadilisha siku ni kiasi gani kabla ya kulipa, na muiandike. Kurudi, chagueni ndege ya asubuhi, na hata hivyo msihesabu rapidi ya siku hiyo. Kwenye bato vaeni jile tangu mwanzo, mtoto avae ya kipimo chake, na msiondoke kabla ya kuona jina lenu limeandikwa. Anayenyonyesha, kama inawezekana, aende na mtoto wake. Kikundi kihesabu tiketi ya mtoto ndani ya gharama, isiwe mzigo wa mama peke yake.

Hilo la mwisho halikuwa kwenye daftari letu. Sasa limeandikwa, kwa mkono wa yule mama mwenyewe, chini ya mistari ile miwili. Pesa iliyobaki imerudi kwenye sanduku na hesabu yake iko kwa mama katibu, kila mwanachama anaweza kuisoma. Na yule mama wa bato alituandikia ujumbe: alipata ndege siku ya nne, daktari alimpokea, kitambaa cha jicho kimetolewa.